Nakili ISBN ya riwaya unayoisubiri
Unapoisubiri kwa hamu riwaya ya vijana ambayo bado haijatoka, usiandike jina lake tu. Nakili pia ISBN, ile namba ya tarakimu 13 ambayo mara nyingi hutangazwa miezi kadhaa kabla ya kitabu kutoka. Picha ya jalada hubadilishwa na tarehe husogezwa mbele, lakini namba kwa kawaida hubaki ileile, hivyo ukiitafuta utakipata kitabu chenyewe na si kingine chenye jina linalofanana, kosa ambalo limenipata zaidi ya mara moja. Njia hii hushindwa toleo linapokuwa tofauti, kwa kuwa jalada gumu, jalada laini na kitabu cha kielektroniki kila kimoja kina namba yake. Hapo tafuta kwa jina la mwandishi.