Jinsi ya Kuomba Uchunguzi Watu Wanapougua Baada ya Kula Pamoja

Watu wawili au zaidi waliokula chakula kimoja wakipatwa na kuhara, kutapika au msokoto wa tumbo kwa nyakati zinazokaribiana, hilo latosha kuhesabiwa kuwa mlipuko unaoshukiwa, na mwananchi wa Tanzania Bara anaweza kuutolea taarifa bila kusubiri majibu ya maabara.

Wagonjwa watangulie kituo cha afya, huku wakinyweshwa maji yenye ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) njiani. Pale ambapo hali ya mgonjwa inaruhusu, sampuli ya kinyesi itolewe kabla hajaanza antibiotiki, kwani dawa ikishaanza kufanya kazi bakteria huwa vigumu kuoteshwa maabara ili watambuliwe.

Taarifa hupokelewa na Afisa Afya wa kata, au kwa kupiga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya, na ngazi ya wilaya huwa mikononi mwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Simu yatosha kwa kuanzia. Barua fupi iifuate ili kumbukumbu zibaki.

Barua hiyo itaje mahali, saa ya kula, kila chakula na kinywaji kilichoandaliwa, barafu na kachumbari zikiwemo, pamoja na saa ambayo kila mgonjwa alianza kuugua. Saa hizo ndizo zinazompa mchunguzi dalili za mwanzo. Kutapika ndani ya saa chache humfanya ashuku sumu ya bakteria aitwaye Staphylococcus aureus, ambayo haiondoki hata chakula kikipashwa moto, au ya Bacillus cereus kwenye wali uliolala. Kuhara kunakoanza kati ya saa 6 na 24 humpeleka kwenye bakteria Clostridium perfringens na sufuria kubwa ya nyama iliyoachwa ipoe taratibu. Bakteria Salmonella yaweza kuchukua saa 6 hadi siku 6 kabla dalili hazijaanza.

Wengi huorodhesha wagonjwa peke yao, na hapo ndipo ombi linapopungua nguvu. Waandikwe pia waliokula wakabaki wazima, na kila mmoja alichokula na alichokiacha, kwa sababu chakula kinachoshukiwa hujulikana kwa kulinganisha makundi hayo mawili.

Mabaki yasimwagwe, ingawa wenye shughuli, kwa aibu, hukimbilia kusugua masufuria. Yawekwe kwenye chombo safi chenye mfuniko, yaandikwe jina la chakula na tarehe, yahifadhiwe kwenye jokofu bila kugandishwa. Ikiwa kinachoshukiwa ni bidhaa ya kiwandani, kifungashio chenye namba ya toleo kitunzwe, na TBS (Shirika la Viwango Tanzania), iliyokabidhiwa usalama wa chakula mwaka 2019, ijulishwe pia.

Maofisa wakifika, mpishi awepo. Ataulizwa pilau iliepuliwa saa ngapi, ilikaa wapi hadi kupakuliwa, na nani aliyekuwa na kidonda mkononi siku hiyo. Majibu ya uchunguzi huulizwa katika ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya, kwa kutaja tarehe ya barua.