Kupima usalama wa milki mtaani: karatasi, hofu na nyumba zilizotoweka

Mwongozo huu ni wa yeyote anayetaka kupima usalama wa milki, yaani uhakika wa mtu kwamba hataondolewa anapoishi, kwenye mitaa isiyopimwa ya Dar es Salaam, kama Manzese, Keko au Vingunguti. Kiashiria 1.4.2 cha Malengo ya Maendeleo Endelevu kinauliza mambo mawili kwa kila mtu mzima: je, ana nyaraka inayotambuliwa kisheria, na je, yeye mwenyewe anaona haki yake ya ardhi iko salama? Ukipima moja ukaacha la pili, umepima nusu.

1. Chagua nyumba. Chukua picha ya setilaiti, pa kila paa namba, kisha chagua kwa kubahatisha. Ripoti serikali ya mtaa, umwombe mjumbe wa shina akutambulishe kwa wenyeji. Lakini aage kabla maswali hayajaanza. Mara nyingi yeye ndiye shahidi viwanja vinapouzwa, na mbele yake wachache watasema mpaka wao una mgogoro.

2. Chagua mtu, siyo kaya. Nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita hukaa kaya kadhaa. Orodhesha watu wazima wote, wapangaji kwa wenye nyumba, upige kura nani ahojiwe. Ukimhoji baba mwenye nyumba peke yake utaandika kwamba humo mna usalama, kumbe mpangaji aliyelipa kodi ya miezi sita hana mkataba, na jina la mke halipo popote. Hatua hii ndiyo watu huipuuza, na ndiyo inayoharibu takwimu kuliko nyingine zote.

3. Ione karatasi. Ukiuliza "Una hati?" wengi watajibu ndiyo, wakiwa na karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa. Omba kwa adabu: "Samahani mama, naweza kuiona?" Tenganisha hati miliki, barua ya toleo (ya kugawiwa kiwanja), leseni ya makazi (ya kukaa kwenye eneo lisilopimwa), karatasi ya mauziano, mkataba wa upangaji, na asiye na chochote. Andika ina jina la nani na inakwisha lini. Leseni ya makazi ni ya muda, hivyo iliyokwisha ipe alama yake. Usipige picha wala kunakili namba.

4. Uliza hofu. Swali zuri ni lile la Prindex, mradi wa kimataifa unaopima watu wanavyoona usalama wa milki zao, uliohoji watu katika nchi 140. Kwa Kiswahili mimi huliuliza hivi: "Katika miaka 5 ijayo, kuna uwezekano gani wa wewe kupoteza haki ya kutumia nyumba hii bila kupenda?" Kisha uliza kwa nini, na usimtajie majibu. Atakuambia mwenye nyumba, serikali, mafuriko, au ndugu wa mume.

Halafu uliza tena: ikiwa mwenzako atafariki au mkiachana, utabaki hapa? Mume na mke waulizwe kila mmoja pembeni. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamzuia mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, lakini mama anayewahofia mashemeji hofu yake ni ya kweli, nawe iandike kama alivyoisema.

5. Linganisha. Jedwali la visanduku vinne linatosha: karatasi ipo au haipo, hofu ipo au haipo. Ligawe kwa jinsia, na kwa wenye nyumba na wapangaji. Ongeza umbali wa kila nyumba kutoka hifadhi ya barabara na Bonde la Msimbazi linalofurika, maana huko hatari ya kuondolewa ni kubwa. Mwaka 2017 nyumba nyingi za Kimara zilibomolewa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro.

6. Rudi kwenye nyumba zilezile. Baada ya mwaka au miwili, tafuta paa zilezile. Ukikuta kifusi au familia ngeni, usijaze pengo kwa nyumba ya jirani. Aliyeondolewa hayupo kukujibu, kwa hiyo ukiwahesabu waliobaki tu, mtaa utaonekana salama zaidi kila unaporudi. Waulize majirani wale waliondokaje: waliuza, nyumba ilipigwa X ya kubomolewa, au kodi iliwashinda? Waliofukuzwa wape safu yao kwenye jedwali lilelile, kabla hujatoa asilimia yoyote.