Droni Moshi: usiiachie kamera iamue

Wadau mnaorusha droni hapa Moshi, kosa ninaloliona sana ni kuacha kila kitu oto. Asubuhi Kibo, kilele cha Kilimanjaro, imejitokeza, theluji inang'aa, huku chini migomba ya Kibosho bado iko kivulini, sasa kamera inapima mwanga kwa kile kivuli na theluji inaungua inabaki nyeupe tupu, ukija kuediti hamna cha kurudisha. Washa histogramu, ile grafu inayoonyesha mwanga wa picha, shusha mwanga kidogo mpaka isigonge ukuta wa kulia, kivuli utakipandisha baadae, ila piga RAW, yani faili ghafi la kamera, sio JPEG peke yake. Au tumia AEB, inapiga picha kadhaa za mwanga tofauti halafu unaziunganisha, mi kwa mlima naipenda sana hii.

ISO, yani usikivu wa kamera kwa mwanga, iache 100, ukiipandisha jioni anga linajaa chembechembe maana sensa za droni nyingi ni ndogo.

Rangi nayo (white balance) usiache oto, jua la mchana weka kama 5500K, yani Kelvin, kipimo cha rangi ya mwanga, la sivyo video inaanza na ubluu inaishia na unjano na kuirekebisha ni mateso.

Kwenye video namba ya shata, yani muda kamera inapokea mwanga kwa kila fremu, iwe mara mbili ya fremu, yani fremu 25 kwa sekunde, shata 1/50. Jua letu kali, kwa hiyo funga filta ya ND, kile kioo cheusi cha kupunguza mwanga, kabla ya kuruka, ukikimbilia shata ya 1/1000 mwendo unakuwa wa kukatakata.

Na kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, tafuta mapema, hifadhini bila ruhusa usirushe kabisa.