Tiketi ya treni India: mwongozo kwa anayempeleka mgonjwa Vellore

Ukipata rufaa ya kumpeleka ndugu yako Vellore, mji wa kusini mwa India wenye hospitali ya CMC (Christian Medical College), waliokutangulia watakueleza habari za viza na za hela. Habari ya treni huwa haisemwi mpaka mmeshatua Chennai, mgonjwa amechoka, mabegi ni manne, na mbele bado kuna kama kilomita 130. Teksi zipo na zinafika. Lakini mgonjwa aliyekunja miguu kwenye gari dogo si sawa na mgonjwa aliyekaa karibu na choo na anayeweza kusimama akajinyoosha. Treni nyingi hutumia saa mbili hivi, na nauli yake ni sehemu ndogo tu ya ile ya teksi.

Nimeshampeleka mama mkubwa mara tatu, na siku hizi jamaa hunipigia kabla ya kuondoka. Hizi ndizo hatua ninazowapa.

Hatua ya 1: Tafuta stesheni, achana na jina la mji

Ukiandika "Vellore" kwenye mtandao wa reli ya India utaletewa stesheni ndogo iitwayo Vellore Cantonment, yenye treni chache, halafu utadhani hakuna usafiri. Andika Katpadi, kifupi chake KPD. Ndiyo stesheni kubwa ya huko, ipo kwenye njia kuu ya Chennai kwenda Bengaluru, na hospitali ya CMC iko kilomita chache kutoka hapo.

Chennai nayo ina stesheni zaidi ya moja. Treni nyingi za Katpadi huanzia Chennai Central, kifupi MAS. Kuna nyingine iitwayo Egmore, kifupi MS. Usizichanganye, maana dereva wa teksi atakupeleka kokote utakakomtajia. Mtego huu upo miji mingi: Delhi ina New Delhi, Old Delhi na Hazrat Nizamuddin, na Mumbai ndiyo usiseme. Nakili kile kifupi cha herufi kwenye karatasi, ukae nacho.

Kama ndege yenu inashukia Mumbai, ungeni ndege nyingine hadi Chennai. Mumbai hadi Chennai kwa treni ni karibu siku nzima, na mimi mgonjwa simpakii humo.

Hatua ya 2: Fungua akaunti ukiwa bado nyumbani

Mtandao rasmi ni irctc.co.in, na programu yake ya simu inaitwa IRCTC Rail Connect. Kwenye kujisajili chagua nchi yako na uweke namba ya simu ya kwenu na barua pepe. Namba za uthibitisho hutumwa kote kuwili. Mwenye namba ya nje hutozwa ada ya kujisajili mara moja tu, rupia 100 pamoja na kodi. Fanya hivi wiki kadhaa kabla ya safari, kwa sababu ujumbe wa uthibitisho huchelewa wakati mwingine, na ukishatua India ile laini ya nyumbani huenda isisome.

Majina yaandike yalivyo kwenye pasipoti. Fomu ikiyakataa yote matatu, weka la kwanza na la ukoo. Hilo la "mama Fulani" liache nyumbani.

Hatua ya 3: Soma saa kama wanavyozisoma wao

Hapa sisi Waswahili ndipo tunapoumia. Reli ya India huandika saa kwa mtindo wa 24. 06:00 ni saa kumi na mbili asubuhi, 13:30 ni saa saba na nusu mchana. Hiyo ni rahisi. Inayowakosesha watu treni ni ile ya 00:15. Tiketi ikisema tarehe 12 saa 00:15, maana yake ni usiku wa kuamkia tarehe 12, kwa hiyo stesheni unakwenda tarehe 11 baada ya chakula cha usiku. Nimemwona mtu amefika kwa madaha tarehe 12 usiku na tiketi yake mkononi, treni imeshaondoka tangu usiku uliopita.

Jingine, India wametutangulia saa mbili na nusu. Tiketi za kawaida hufunguliwa siku 60 kabla ya safari (zilikuwa 120 hadi Novemba 2024), saa mbili asubuhi ya kwao. Kwetu hiyo ni saa kumi na moja na nusu alfajiri. Usijisumbue kuamka, maana siku hiyo ya kwanza wenye kitambulisho cha taifa cha India, Aadhaar, hutangulizwa. Jaribu siku inayofuata.

Watalii wa kigeni wana fungu lao la viti kwenye baadhi ya treni, nalo hufunguliwa hadi siku 365 kabla. Ukitafuta treni, badilisha sehemu ya aina ya nafasi uweke ya watalii wa kigeni. Likionekana lina nafasi, lichukue, hata kama lina ada ya ziada.

Hatua ya 4: Chagua daraja

Kwa safari fupi ya mchana, chukua CC, yaani viti vyenye kiyoyozi. Hata ile treni mpya ya Vande Bharat ya Chennai hadi Mysuru, iliyoanza Novemba 2022, husimama Katpadi na ina viti.

Kwa safari ya usiku, 3A ni vitanda vya ghorofa tatu vyenye kiyoyozi, 2A ni ghorofa mbili, na SL ni vitanda bila kiyoyozi. Kijana na begi lake SL inamtosha kabisa. Mgonjwa mpe 2A, kwa sababu hakuna kitanda cha katikati na watu ni wachache. Omba kitanda cha chini, kisha weka alama pale pasemapo tiketi ikatwe endapo tu angalau kitanda kimoja cha chini kitapatikana. Usipoweka, kompyuta itampandisha juu mtu mwenye mshono tumboni.

Hatua ya 5: Zisome herufi kabla ya kulipa

Ukisahau mengine yote, hili lishike. Kwetu nafasi zikiisha, mauzo yamekwisha. India nafasi zikiisha wanaendelea kuuza. Kinachouzwa hapo ni foleni, na pesa unalipa kamili.

Utakutana na alama tatu. CNF ni tiketi kamili, una behewa na kiti. RAC unaruhusiwa kupanda, lakini kitanda cha pembeni mnakigawana wawili, mkikaa wote, hadi mmoja apatiwe pengine. WL ni orodha ya kusubiri.

WL huja na namba mbili, mathalani WL 34/WL 9. Ya kwanza ni mahali ulipoanzia ulipokata, ya pili ni ulipo sasa. Iangalie ya pili. Angalia pia herufi zilizotangulia: GNWL husogea, lakini PQWL na RLWL ni za wanaopanda au kushuka katikati ya njia, na mara nyingi huganda palepale.

Orodha ya abiria hutoka saa kadhaa kabla ya treni kuondoka, na kwa treni za asubuhi hutoka usiku uliotangulia. Ikitoka, na tiketi yako uliyokata mtandaoni bado ni WL, imejifuta yenyewe. Huruhusiwi kupanda nayo.

Safari yangu ya kwanza, wakala mmoja alinikatia WL akanihakikishia "itakubali tu". Haikukubali. Na kuna jambo ambalo hakunieleza: pesa hurudi kwenye akaunti iliyolipa. Aliyelipa ni yeye. Nilimfuata siku nne kwa pesa yangu mwenyewe, huku mama mkubwa yuko nyumba ya wageni.

Kwa hiyo mgonjwa akiwepo, CNF peke yake. Ukikuta WL, geukia treni nyingine au siku nyingine. Kati ya Chennai na Katpadi treni hazikosi. Kuna pia tiketi za dharura ziitwazo Tatkal, zinazouzwa siku moja kabla, lakini tangu Julai 2025 mtandaoni zinahitaji Aadhaar. Mgeni zimeshampita.

Hatua ya 6: Kulipa, na kadi ikigoma

Kwenye malipo kuna njia kadhaa. Chagua inayotaja kadi za kimataifa. Piga simu benki yako kabla, wakufungulie manunuzi ya mtandaoni nje ya nchi. Ikigoma mara moja, usirudie harakaharaka. Tazama kwanza kama pesa imekatwa.

Ikishindikana kabisa, nenda dirishani na pasipoti. Pale Chennai Central ofisi ya kukata tiketi iko kwenye jengo la pembeni liitwalo Moore Market Complex. Delhi, ofisi ya wageni iko ghorofa ya kwanza ndani ya stesheni ya New Delhi. Njiani atatokea mtu nadhifu, mpole, akuambie ofisi imefungwa au imehamia ng'ambo ya barabara. Haijahama. Mpite, panda ngazi.

Hatua ya 7: Siku ya safari

Kariri namba ya treni, yenye tarakimu tano, na PNR, yaani namba ya tiketi yako, yenye tarakimu kumi. PNR ndiyo utakayotumia kuangalia hali ya tiketi. Tiketi ikiwa kwenye simu inatosha, lakini pasipoti iwe halisi, si kivuli. Mkaguzi ataiomba.

Fika mapema. Treni ni ndefu ajabu, na behewa lako linaweza kuwa mwisho wa jukwaa. Herufi za behewa, C1 kwa viti, B1 kwa 3A, A1 kwa 2A, huonyeshwa kwenye vibao vya taa juu ya jukwaa. Simameni palepale.

Ndani ya treni usitegemee tangazo. Fuata kituo kwa kituo kwenye ramani ya simu, na zikibaki dakika kumi na tano kufika Katpadi, anza kusogeza mabegi mlangoni na mgonjwa avae viatu. Treni husimama dakika chache, haimsubiri mtu.

Nje mtakuta bajaji zimejipanga, ila huko huitwa "auto". Sema "CMC" tu, inatosha. Bei mkubaliane kabla ya kupakia begi la kwanza.