Namna ya Kumfikishia Mtoto Hadithi za Katuni

Mzazi anayelalamika kwamba watoto wa siku hizi hawasomi katuni ajiulize kwanza ni wapi mtoto wake amewahi kukutana na hadithi ya katuni iliyochapishwa kwenye karatasi. Sisi tuliozisoma utotoni hatukuzifuata dukani. Kenya, Juha Kalulu, mhusika wa katuni aliyechorwa na Edward Gitau, aliingia nyumbani akiwa ndani ya gazeti la Taifa Leo la baba, na Tanzania jarida la Sani lilinunuliwa kwa muuza magazeti na mtu mmoja, kisha likasomwa na mtaa mzima. Leo habari husomwa kwenye simu, na simu ni ya mzazi. Sioni kwamba mtoto amezikataa hadithi hizi, kwa sababu hajapata hata nafasi ya kuzikataa.

Usipoteze muda kutafuta duka la katuni. Marekani na Uingereza yapo maduka yanayouza vitabu vya aina hiyo tu, na tangu mwaka 2002 mengi yamekuwa yakigawa nakala za bure Jumamosi ya kwanza ya Mei ili kuvuta wasomaji, lakini hata huko watoto wengi huvipata vitabu vyao maktabani na katika maduka ya vitabu ya kawaida. Kwetu, anza na wauzaji wa vitabu vilivyotumika. Nairobi kuna wale wanaotandaza vitabu kando ya njia, ambao watu huwaita "inama" kwa kuwa mnunuzi hana budi kuinama ili achague. Dar es Salaam, zitafute meza za vitabu katikati ya mji. Nenda na mtoto mwenyewe, siku ambayo huna haraka, umpe fedha inayotosha kitabu kimoja na umwache achague. Kabla ya kulipa, fungua ukurasa baada ya ukurasa, maana hadithi ya picha ikikosa karatasi moja ya katikati hata mtu mzima hupotea njia.

Kagua pia umri wa msomaji aliyekusudiwa, kwa kuwa wazazi wengi huamini kwamba chochote chenye picha ni cha watoto. Majarida ya vichekesho ya aina ya Sani yalichekesha kwa mambo ya watu wazima. Shujaaz, lililoanza Kenya mwaka 2010 na kusambazwa bure pamoja na gazeti la Daily Nation, lilitungwa kwa ajili ya vijana, kwa Sheng, lugha ya mitaani ya vijana wa Kenya inayochanganya Kiswahili na Kiingereza, nalo huzungumzia kutafuta riziki na mahusiano. Ningempa kijana wa sekondari bila kusita, lakini si mtoto wa darasa la pili. Mtoto anayependa mpira hufurahia Supa Strikas, iliyoanzia Afrika Kusini. Kwa wadogo kabisa, tovuti ya African Storybook ina hadithi za picha za Kiswahili zisizolipiwa, na inaruhusiwa kuzichapisha: zipeleke kwenye stesheneri ya mtaani, zikunje katikati, zibane kwa stepla. Hizo si katuni kamili, kwa kuwa wahusika hawasemi ndani ya picha, ila humzoesha mtoto kusoma picha na maneno kwa pamoja.

Kitabu kikishapatikana, usimwachie peke yake. Mtoto aliyelelewa na katuni za televisheni amezoea picha zinazojiendesha zenyewe, na mara nyingi hajui kwamba visanduku vya picha husomwa kutoka kushoto kwenda kulia, kisha chini, wala kwamba vitabu vingi vya katuni vya Kijapani hufuata mwelekeo wa kinyume. Keti naye, fuatisha kwa kidole, na mgawane wahusika: yeye asome maneno ya mmoja, wewe ya mwingine, na sauti zibadilike.

Zaidi ya yote, tua kwenye nafasi nyeupe iliyo kati ya kisanduku na kisanduku. Tuseme katika picha ya kwanza kijana anapanda mwembe, na katika ya pili mkono wake umefungwa bendeji huku mama yake amekunja uso. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba tawi lilikatika. Mtoto amelikata mwenyewe kichwani mwake, na ukimuuliza atakueleza mpaka kishindo chake. Hiyo ndiyo kazi ambayo mwalimu wa ufahamu huihangaikia muhula mzima, na ndiyo sababu huniuma ninaposikia mzazi akimnyang'anya mtoto katuni ili "asome kitabu cha kweli". Uliza swali moja au mawili tu, kisha nyamaza, kwa maana akihisi kwamba anatahiniwa atakifunga kitabu. Akitaka kurudia hadithi ileile mara kumi, mwache arudie.

Vitabu vingi mtakavyovipata vitakuwa vya Kiingereza. Msivitupe. Tungeni pamoja maneno ya Kiswahili, myaandike kwenye vipande vya karatasi na kuvibandika juu ya yale yaliyochapishwa. Mtoto atagundua upesi kwamba sentensi ndefu haienei mdomoni mwa mhusika, naye ataanza kupima maneno yake.

Lililobaki ni kuazimana, ambako ndiko kulikozifanya nakala chache za zamani zitutosheleze sote. Bwenini kwetu jarida moja lilikuwa na foleni ya wasomaji, na aliyelimaliza hakuruhusiwa kusimulia mwisho. Zungumza na majirani watatu au wanne wenye watoto wa rika moja, kila nyumba itoe vitabu viwili, viwekwe ndani ya boksi moja litakalohama nyumba kila Jumamosi. Mkabidhi mtoto mmojawapo daftari la kuandika nani amechukua nini na atarudisha lini, na msimwingilie. Funikeni majalada kwa karatasi ya kaki kama mnavyofunika madaftari ya shule, mwandike jina la kitabu kwa kalamu ya wino mzito, na ndani ya jalada la nyuma mwache nafasi ambapo kila aliyemaliza kusoma ataandika jina lake.