Jinsi ya kusoma namba za mgongoni mwa kitabu maktaba ya chuo

Wadau wa mwaka wa kwanza, msizunguke shelfu moja moja mkitafuta kitabu kwa rangi ya kava, angalieni ile lebo ndogo chini mgongoni. Maktaba nyingi za vyuo zinatumia mpangilio wa Library of Congress ya Marekani, sasa chukua mfano PL8704 .K45 2009. PL8704 ni fasihi ya Kiswahili (QA ni hesabu, R udaktari, K sheria) na hiyo 8704 isome kama namba nzima, yaani vitabu vya Kikorea vya PL912 vinatangulia. Hapo kwenye .K45 ndo watu wengi wanapotea, kuanzia hapo ni desimali kwahiyo .K45 inakaa kabla ya .K5, maana 0.45 ni ndogo kuliko 0.5, hii hata mimi ilinisumbua semista nzima. Mwisho ni mwaka wa kuchapwa. Andika namba YOTE kutoka kwenye katalogi, usikate mkia. Ukishakipata cheki na vya jirani, huwa mada ni ileile, mi nimepata vitabu vizuri sana hivyo. Ukimaliza usirudishe mwenyewe, acha mezani, kikikaa pasipo pake mwenzio atakitafuta hadi achoke.