Jinsi ya kufuatilia mzigo wa ndege mpaka ukufikie Dodoma

Mteja ananipigia kutoka Majengo: "Kaka, mzigo wangu uko Dar tangu jana, mbona huendi kuutoa?" Nafungua simu, nakuta hali ya mzigo ni ARR, yaani ndege imetua tu. Basi hapo ni maelezo ya nusu saa. Wewe soma haya kwanza, tuokoe vocha.

Hatua ya 1: Omba namba sahihi. Unataka namba ya AWB, yaani hati ya mzigo wa ndege. Ina tarakimu 11, na tatu za mwanzo ni za shirika: 197 Air Tanzania, 071 Ethiopian, 176 Emirates. Ukipewa namba yenye herufi nyingi, mara nyingi hiyo ni ya wakala aliyekusanya mizigo ya watu wengi pamoja. Kwenye tovuti ya shirika haitasoma. Mwambie akupe ya hati kuu, yaani AWB ya shirika lenyewe.

Hatua ya 2: Ihakiki. Tarakimu ya mwisho ni ya ukaguzi. Chukua saba zinazofuata zile tatu, ugawe kwa 7. Baki ndiyo tarakimu ya mwisho. Mfano 197-12345675: 1234567 ukigawa kwa 7 inabaki 5. Isipolingana, mtu kakosea kuandika. (Au katunga. Nimeyaona yote mawili.)

Hatua ya 3: Ingiza namba kwenye tovuti ya shirika, usome hali ya mzigo. RCS, shirika limeupokea. DEP, ndege imeondoka. ARR, ndege imetua. Ndege, siyo katoni zako. Subiri RCF: hapo mzigo umeshushwa, umehesabiwa na uko ghalani. NFD maana yake mpokeaji ameshaarifiwa, DLV mzigo umeshakabidhiwa. Ukiona DIS, piga simu siku hiyohiyo, kuna tofauti kati ya hati na mzigo wenyewe.

Angalia na idadi. Niliwahi kupanda basi la alfajiri kwenda Dar kwa kuamini RCF, kumbe ilikuwa vipande 5 kati ya 8. Vitatu viliachwa njiani kwa kukosa nafasi. Nililala Dar siku mbili kwa gharama yangu.

Hatua ya 4: Tazama kituo cha mwisho. Kama hati imeandikwa DAR, kazi ya shirika inaishia Dar. Kodi ya forodha, kuutoa na kuupandisha Dodoma ni juu yako na wakala wako, na mfumo wa shirika hautakuonyesha basi limefika Morogoro au la. Ukiutuma kwa basi, dai risiti ya kifurushi na uandike namba ya gari. Ikiandikwa DOD, shirika linawajibika mpaka uwanja wa Dodoma.

Hatua ya 5: Kagua kabla ya kusaini. Zungusha kila katoni. Gundi mpya juu ya gundi ya zamani, kona iliyolowa, uzito usiolingana na hati: piga picha palepale, uandike kasoro kwenye karatasi ya kupokelea. Kwa safari za kimataifa, malalamiko ya uharibifu yanatakiwa kwa maandishi ndani ya siku 14 tangu upokee mzigo.